Kabla ya kulaumu hadithi, mwulizeni mtoto

Mzazi akiingia ofisini kwangu ameshika simu ya mwanawe, najua atakachosema: “Daktari, hizi hadithi anazosoma ndizo zilizomharibu.” Nimechoka kulijibu hilo mmoja mmoja.

Lawama hii ni kongwe. Mwaka 1895 Robert Coombes, mvulana wa miaka 13, alimuua mama yake mashariki mwa London, na vijitabu vya hadithi vya bei rahisi vilivyokutwa nyumbani vikabebeshwa lawama.

Kinachoniudhi zaidi ni kisa cha Fredric Wertham, kwa kuwa huyu ni mwenzetu. Alikuwa daktari wa magonjwa ya akili, tena mwenye utu: kliniki yake ya Harlem, mtaa wa New York, ilipokea Wamarekani weusi waliokosa pa kutibiwa. Mwaka 1954 alitoa kitabu kilichodai kwamba vitabu vya katuni vinawasukuma watoto kwenye uhalifu. Akatoa ushahidi mbele ya kamati ya Seneti ya Marekani, na mwaka huohuo wachapishaji wa vitabu hivyo wakajifunga kwa kanuni kali za maudhui.

Mwaka 2010 majalada yake yalifunguliwa, na Carol Tilley, mtaalamu wa ukutubi, akayapekua. Alichochapisha mwaka 2012 kinauma. Wertham alibadilisha umri wa watoto, akaunganisha maneno ya vijana wawili yakawa ya mmoja. Kuhusu binti mmoja wa miaka 13, msomaji hakuambiwa kwamba alikuwa kwenye genge, alitoroka kwao, na hata kusoma kulimshinda. Mtoto anayehangaika kusoma akageuzwa ushahidi wa madhara ya kusoma! Shida zake halisi nani alizishughulikia?

Sisemi maandishi hayana nguvu. Vienna, Austria, mwaka 1987, magazeti yalipokubali kuacha kusimulia kwa kina habari za watu kujiua kwenye treni za chini ya ardhi, matukio hayo yalipungua sana. Namna ya kusimulia ina uzito, na hali ya anayesoma ina uzito zaidi.

Simu ndiyo inayonitia mashaka. Kijitabu kilikuwa na ukurasa wa mwisho. Programu humletea mtoto mwenye huzuni hadithi nyingine ya huzuni, kwa sababu ile ya kwanza aliimaliza. Utafiti wa enzi za katuni haunitoshelezi hapo, na sitajifanya unanitosha.

Hata hivyo, mzazi, kabla hujaniletea simu, nijibu: analala saa ngapi? Nani kahama nyumbani? Shuleni anaonewa? Na hiyo hadithi, umeisoma?