Rafiki kwenye foleni ya bomba

Mimi ni mwalimu wa ushauri nasaha katika shule ya msingi. Mtoto akiletwa kwangu kwa kuonewa, siku hizi sianzi na "nani kakufanyia?" Namuuliza, "Ulikuwa na nani?" Jibu karibu kila mara ni lile lile: peke yangu, Mwalimu.

Mwonevu hachagui ovyo. Huanza kwa kuonja: anakubandika jina, anakunyang'anya kalamu, kisha anatupa jicho pembeni aone kama kuna atakayeguna. Akikuta kimya, kesho anarudi na wenzake. Mwenye rafiki humpa tabu, kwa sababu huyo anayeguna yupo.

Huko Toronto watafiti waliwarekodi watoto uwanjani kwa kamera na vinasa sauti. Matokeo yao ya 2001 yalionyesha kwamba wanafunzi wengine walikuwepo kwenye asilimia 88 ya matukio ya uonevu, ila waliingilia asilimia 19 tu. Walipoingilia, zaidi ya nusu ya mara uonevu ulikoma ndani ya sekunde 10. Sekunde kumi! Mimi kutoka ofisini hadi bombani natumia dakika mbili, na nikifika wote wanatabasamu.

Lakini si kila urafiki unakinga. Zamani nilikuwa nawakalisha wanyonge wawili dawati moja, nikidhani watafarijiana. Walifarijiana kweli, halafu wakaonewa wote wawili.

Sasa nagawa vipande vya karatasi. Kila mtoto anaandika majina matatu ya anaopenda kucheza nao, nami nachora mishale. Mshale unaokwenda na kurudi ndio ninaouhesabu. Mwaka jana mvulana mmoja wa darasa la tano alitaja watatu, na hakuna hata mmoja aliyemtaja yeye. Sikutangaza lolote darasani (ukisema "chezeni na fulani" mbele ya watu, umempatia jina jingine la kuitwa). Nilijua anaunda magari ya waya, na kuna mwenzake mmoja, msemaji, asiyeogopa mtu, naye anayaunda. Nikawapa zamu moja ya kumwagilia bustani ya mchicha, basi.

Wiki ya tatu, nikiwa dirishani, niliona ndoo yake ikisukumwa kwa mguu nje ya foleni, kama ilivyokuwa kawaida. Yule msemaji akairudisha mahali pake.

"We, huyu katangulia."

Foleni ikasonga.