Jazi ya majaribio na jazi yenye mizizi ya Kiyahudi: yanayosemwa na ukweli wake

"Hizo ni kelele, kila mtu anapiga lake." Ndilo jibu la kwanza utakalopata ukimrushia mtu albamu ya John Zorn, mpiga saksafoni wa New York. Kumbe baadhi ya kazi zake zina masharti makali kuliko ya bendi nyingi za dansi. Chukua Cobra, aliyoitunga mwaka 1984. Haina noti hata moja iliyoandikwa, lakini ina kanuni, kadi za rangi na kiongozi anayezishika. Mpigaji akitaka mambo yageuke, anagusa pua, sikio au mdomo, kisha anaonyesha vidole. Kiongozi akiridhia anainua kadi, wote wanaiona, na inaposhuka wanageuka kwa pamoja. Asiyemsikiliza mwenzake anaachwa njiani.

Wapo wanaodhani muziki wa Kiyahudi ni klezmer na basi. Klezmer ni muziki wa harusi na sherehe za Wayahudi wa Ulaya Mashariki, uliovuka bahari pamoja na wahamiaji hadi Marekani. Wayahudi wa Yemen, wa Iraq na wale waliofukuzwa Hispania wana muziki wao. Ndugu wawili Wayahudi waliozaliwa Kuwait, Saleh Al-Kuwaity kwenye fidla na Daud kwenye udi, walikuwa miongoni mwa nguzo za muziki wa Iraq, na Saleh aliongoza kundi la redio ya Baghdad ilipoanza mwaka 1936.

Dhana inayoniuma zaidi ni kwamba muziki huu ni mgeni kabisa kwa sikio letu. Sikiliza Alef, albamu ya kwanza ya Masada, kundi la Zorn la jazi yenye mizizi ya Kiyahudi, ya mwaka 1994. Zorn yuko kwenye saksafoni, Dave Douglas kwenye tarumbeta, Greg Cohen kwenye besi, Joey Baron kwenye dramu. Hakuna kinanda wala gitaa, muundo waliourithi kwa Ornette Coleman, mpiga saksafoni wa jazi, Mmarekani mweusi wa Texas. Sasa fuata ngazi ya sauti ambayo nyimbo nyingi za Masada zinaiegemea: noti ya kwanza hadi ya pili ni nusu toni, halafu ya pili hadi ya tatu ni mruko wa toni moja na nusu. Aliyekulia kwenye taarab ya Unguja ameusikia mruko huo mara nyingi, maana ngazi hiyo ni jirani wa karibu wa hijaz, mojawapo ya maqam, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu. Kwa hiyo mpenzi wa taarab ana pa kuanzia, pengine kuliko aliyelelewa na piano ya Ulaya peke yake.

Na hizo si nyimbo chache. Zorn aliendelea kutunga hadi vitabu vitatu vya Masada, yaani mikusanyo ya tungo zake, vikafika nyimbo 613, sawa na idadi ya amri za Torati kwa hesabu ya mapokeo ya Kiyahudi.

Lazima uwe Myahudi ndiyo uupige? Don Byron, Mmarekani mweusi mpiga klarineti, alipiga klezmer kwa miaka na mwaka 1993 akatoa albamu nzima ya nyimbo za Mickey Katz, Myahudi wa Marekani aliyekuwa mpiga klarineti na mchekeshaji.

Kuhusu muziki wa ambienti, ule wa taratibu unaojaza mazingira bila kudai usikilizwe, eti ni wa kulalia tu na hauna uhusiano na jazi: Brian Eno, mwanamuziki Mwingereza aliyeupa jina hilo mwaka 1978, amekiri deni lake kwa mpiga tarumbeta wa jazi Miles Davis, hasa "He Loved Him Madly", kipande cha zaidi ya nusu saa cha mwaka 1974 ambacho Davis alimwombolezea Duke Ellington, kiongozi maarufu wa bendi ya jazi. Kipige kwa sauti ya chini, ukikaa macho.

Basi unapomtumia mwenzio albamu, usimtupie kiungo kikavu. Mtajie wapigaji, na mchagulie mlango. Aliyekimbia makelele ya Naked City, kundi jingine la Zorn, mpe albamu yake Bar Kokhba ya mwaka 1996: nyimbo zilezile za Masada, safari hii kwa nyuzi, piano na klarineti.