Bolti ya kuvuta sio mashindano ya mbio jamani

Tena leo kaja mwingine. Kaingia, kasalimia vizuri, kaishika K31 iliyokuwa mezani, bunduki ya zamani ya jeshi la Uswisi yenye bolti ya kuvuta, kavuta bolti (kile chuma kinachofunga nyuma ya risasi) mara mbili, klak klak, halafu kanipa somo: "Fundi, hizi watu wanazipendea kasi, si unaona, miendo miwili badala ya minne." Mimi kazi yangu huku Uswisi ni kutengeneza bunduki, na hiyo hesabu ya mbili kwa nne nimeichoka mpaka basi, kwa hiyo leo naandika, na atakayekuja nayo tena namtumia linki.

Hesabu yenyewe ni hivi. Bolti ya kuzungusha: inua, vuta, sukuma, shusha. Ya kuvuta: vuta, sukuma. Kwa hiyo nusu ya muda, sio? Sio. Mkono uliozoea hauhesabu "moja, mbili", unainua na kuvuta kwa mkupuo mmoja na kurudisha kwa mkupuo mwingine. Kabla ya vita ya kwanza ya dunia Waingereza walimtaka askari wao wa kawaida apige risasi 15 za kulenga kwa dakika moja, yadi 300, na bunduki yenyewe ilikuwa Lee-Enfield, bolti ya kuzungusha, hiyo hiyo ya .303 ambayo KAR, askari wa Kiafrika wa mkoloni Muingereza, waliibeba kule kwetu Afrika Mashariki. Wakati huo jeshi la Austria lina Mannlicher M95 ya kuvuta. Sijaona popote watu wakisema Muingereza aliachwa nyuma.

Sikatai, ya kuvuta ina kasi kidogo, hasa kwa mtu ambaye hajafanya mazoezi. Ila kinachookolewa sana sio muda, ni kichwa.

Namaanisha hivi. Shika bunduki ya kuzungusha, shavu liko kwenye kitako, jicho kwenye darubini, umepiga. Sasa inua mkono wa bolti. Bunduki inajipinda kidogo upande, ngumi yako inapanda karibu na darubini, na wengi bila kujijua wananyanyua shavu ili kupisha. Darubini imepotea, mnyama umempoteza, na kumtafuta upya ndio kunakula muda kuliko bolti yenyewe. Ya kuvuta mkono unakwenda nyuma na kurudi kwenye mstari ule ule wa mtutu, shavu halina sababu ya kutoka. Nenda Ujerumani kwenye uwindaji wa kuswaga, nguruwe pori wanakatiza njia ya msitu wakiwa mbio, una nafasi ya risasi ya kwanza na labda ya pili, halafu utaelewa kwa nini wawindaji wa kule wanatoa hela nyingi kwa Blaser R8, bunduki ya Kijerumani ya bolti ya kuvuta. Hawaendi kupiga risasi kumi.

Na huyo wa Blaser ana sababu nyingine ambayo haihusiani na kuvuta kabisa. R8 haina sefti ya kawaida, ina kidude nyuma unakisukuma kwa dole gumba ndio springi ya pini ya kupigia inakokiwa. Unatembea siku nzima risasi iko chemba, yaani tayari nyuma ya mtutu, lakini springi imelala. Ukibadili mawazo unaishusha. Wengi wakishazoea hicho kidude hawarudi tena, ila ukiwauliza watakwambia "kasi". Haya bana.

Sehemu moja tu ambapo kasi ni hoja ya kweli: biathlon, mchezo wa ski na kulenga shabaha. Mtu anakuja kwenye ski moyo unamdunda, targeti tano mita 50, za kulala zina upana wa milimita 45, za kusimama 115. Anavuta bolti kwa kidole cha shahada na kuirudisha kwa dole gumba, kiganja hakiachi mshiko kabisa. Semi-otomatiki, yaani bunduki inayojipakia risasi yenyewe, hairuhusiwi pale. Lakini angalia wanapiga nini: .22, risasi ndogo, tangu 1978. Presha ndogo, ganda dogo, linatoka lenyewe bila ubishi. Kariri hilo la ganda kwa sababu ndio nimekuja kuligombania.

Ukipiga risasi kubwa, presha inalipanua ganda la shaba mpaka linabana kuta za chemba. Presha ikishuka ganda linajirudi, ila sio lote, na kama chemba ina uchafu au risasi ni kali au siku ina joto, linabaki limeshika. Kulitoa kuna hatua mbili ambazo watu wanazichanganya: kulibandua na kulivuta. Kulivuta ni rahisi, hata mtoto anaweza. Kulibandua ndio kazi. Bolti ya kuzungusha unapoinua mkono, shina lake linapanda kwenye mteremko uliochongwa nyuma ya bodi, na ule mteremko unairudisha bolti nyuma milimita chache kwa nguvu ya wenzo, taratibu, kwa nguvu kubwa. Ganda limebanduka kabla hujaanza hata kuvuta. Bolti nyingi za kuvuta hazina hiyo zawadi, au wanayo kiduchu. Nguvu yote inatoka begani kwako, moja kwa moja, kama kuvuta mlango wa mbao uliovimba kwa masika. Na upande wa kufunga ni hivyo hivyo, ganda nene kidogo bolti ya kuzungusha italisukumiza ndani, ya kuvuta itakugomea hapo mwisho nusu sentimita.

Kwa hiyo mtu akiniambia bolti ya kuvuta ni "teknolojia ya juu zaidi", huwa nauliza: zaidi kwa risasi gani?

Historia imeshalijibu hilo kwa damu. Kanada waliingia vitani na Ross, bunduki ya kuvuta ya Sir Charles Ross, nzuri ajabu kwenye renji, inalenga mpaka raha. Aprili 1915 pale Ypres, Ubelgiji, matope, joto la kupiga mfululizo, risasi za Uingereza ambazo vipimo vyake vilikuwa vinayumba, na chemba ya Ross imebana. Maganda yakashika. Wanaume wanapiga bolti kwa buti, wengine kwa sepetu, na wengi wakatupa wakaokota Lee-Enfield za Waingereza waliokufa. Juu yake kulikuwa na kosa lingine, kizuizi cha bolti kilikuwa kinagonga jino la kufungia bolti na kuliharibu umbo, basi hata ganda lisiposhika bolti inashika. 1916 ikaondolewa mikononi mwa askari wa mstari wa mbele. Wadunguaji wakabaki nayo, na ukifikiria vizuri hiyo inaeleweka: mdunguaji anachagua risasi zake, anasafisha bunduki yake, na hapigi mfululizo.

Ross ndio iliyoleta pia ile hofu kwamba bolti za kuvuta zinakuja usoni. Ya Ross Mk III unaweza kuifungua ukairudisha vibaya, ikaingia, ikapiga bila meno kufunga. Ni kosa la ile moja, na baadaye waliipiga riveti ili isirudishwe vibaya. Usiwasingizie wengine.

Sasa Waswisi. Kwa nini huku hizi bolti zilidumu, Schmidt-Rubin toka 1889 mpaka K31 iliyotengenezwa hadi 1958, zaidi ya laki tano? Watu watakwambia ni usanifu. Na ni kweli K31 ni kitu kizuri, unavuta mkono, kuna pini inapita kwenye mfereji uliochongwa kimshazari ndani ya silinda, silinda inazunguka yenyewe, meno yanaachia, hata hujui. Pete ya nyuma unaivuta na kuigeuza ndio sefti. Lakini mimi naona nusu ya sifa ni ya risasi. GP11 ni risasi ya jeshi iliyotengenezwa kwa umakini wa saa, vipimo vile vile boksi kwa boksi, na askari wa huku alikuwa anakaa na bunduki yake nyumbani na kuisafisha. Chukua mfumo huo ulishe risasi za hovyo na tope la Ypres tuone.

Hapa naongea kama fundi sio kama kitabu: sina uhakika kama bolti ya kuvuta ingekuwa na soko kubwa hivi leo bila sheria. Uingereza 1988, baada ya mauaji ya Hungerford, walipiga marufuku semi-otomatiki za risasi kubwa. Ndio maana ukienda renji za kule utakuta mtu ana AR-15, semi-otomatiki ya Kimarekani, iliyoondolewa mfumo wa gesi unaoipakia, anaivuta kwa mkono kila risasi. Ujerumani mwindaji mwenye semi-otomatiki haruhusiwi kuipakia zaidi ya risasi tatu kwa jumla. Ukiwabana watu hivyo watatafuta kitu cha karibu zaidi, na cha karibu zaidi ni hiki. Halafu wakishanunua wanajitungia sababu za kiufundi. Na mimi nauza, siwakatishi tamaa.

Ila kuna wanaoipenda tu, na hao nawaelewa zaidi. Ile sauti, ule mvuto usio na kona, K31 iliyotunzwa inateleza mpaka mkono unataka kurudia. Huyo hanidanganyi kuhusu sekunde.

Kama unataka kununua ya zamani, usiniulize ina kasi gani. Niletee maganda uliyopiga nayo. Nikiona mikwaruzo ya kulabu inayovuta ganda kwenye ukingo wake nitajua umekuwa ukiling'ang'ania ganda, na hapo tunaanza na kusafisha chemba. Kama unajaza risasi mwenyewe basi libane ganda zima mpaka chini lirudi kwenye kipimo chake kila mara, sio shingo tu. Wengi wanaokuja na bolti "mbovu" hawana bolti mbovu, wana maganda yaliyoandaliwa kizembe, na wanakasirika nikiwaambia bei ya ushauri huo.