Jongoo bahari: yanayosemwa ufukweni na yalivyo kweli

Maji yakipwa Kunduchi, Dar es Salaam, majongoo bahari huonekana wamejilaza mchangani, na watoto huambiwa wasiwaguse kwani wanapofusha. Kumgusa tu hakupofushi. Hang'ati wala hachomi. Ila ngozi ya baadhi ya aina ina sumu, na wengine hurusha nyuzi zinazonata. Ukimshika kisha ukafikicha macho, utajuta. Nawa kwanza.

Wengine humdhania jongoo wa shambani aliyehamia majini. Wamefanana umbo tu. Ndugu zake hasa ni kiti cha pweza, pamoja na yule mviringo mwenye miiba mirefu myeusi anayewachoma nyayo waogeleaji. Jamaa yote hii miili yao imepangwa kwa sehemu tano kuzunguka kitovu kimoja. Jongoo bahari amerefuka tu na kulala ubavu.

"Ametapika utumbo, amekufa huyo." Wapi! Aina nyingi zikibanwa humwaga matumbo ili adui ashughulike nayo, kisha mengine yakaota ndani ya wiki kadhaa. Na kioja kingine, hupumua kwa kuvuta maji kupitia njia ya haja kubwa. Wapo hata samaki wembamba wanaoingilia hapohapo na kuishi ndani yake.

Dhana inayoniudhi ni ile ya kwamba anakula mchanga tu, hana faida. Aina nyingi humeza mchanga kweli, zikafyonza mabaki yaliyooza na vijidudu, halafu zikautoa ukiwa umesafishwa. Kufukua kwao huingiza hewa chini, na amonia wanayotoa hurutubisha mwani na nyasi bahari, ambamo samaki wadogo hukulia. Kazi hiyo nani angeilipia?

Eti pia wapo tele, hawaishi. Jongoo bahari wengi huzaana kwa kumwaga mayai na mbegu majini, kila mmoja alipo. Wakibaki wachache na mbalimbali, mayai na mbegu havikutani, ndiyo maana eneo lililokombwa huchukua miaka mingi kurudi. Aina iitwayo jongoo mchanga, yaani wa mchangani, ndiyo inayotafutwa sana, maana akikaushwa huuzwa bei kubwa China, ambako ni chakula cha heshima karamuni. Habari kwamba anaongeza nguvu za kiume waachie wauzaji.

Kwa miaka mingi Tanzania Bara imepiga marufuku kuvuna wale wasiofugwa, ilhali Zanzibar wanavunwa na kufugwa. Visiwa vya Mbudya na Bongoyo, karibu na Kunduchi, ni hifadhi za bahari tangu 1975. Anayekuuzia gunia la jongoo wakavu waliotoka huko anakuuzia na kesi.