Breka zote ziko chini, swichi ya usalama bado inakata

Mvua zikishashika Dodoma, kuanzia Desemba hivi, simu nyingi ninazopigiwa ni za namna moja: "Fundi, ile swichi ya usalama inakata kila mara, njoo na mpya." Mpya huwa ninayo kwenye begi, na mara nyingi narudi nayo. Swichi inayokata huwa nzima. Ya kuogopa ni ile ambayo hata ukibonyeza kitufe chake cha T, cha kuijaribu, haishtuki.

Swichi hii, ambayo mafundi wengi tunaiita RCCB, kazi yake ni kama ya mhasibu. Inalinganisha umeme unaoingia ndani kwa waya wa laivu na ule unaorudi kwa nyutro. Hesabu zisipolingana, kuna umeme unaopita pembeni: kwenye bodi la friji, kwenye ukuta uliolowa, au kwenye mwili wa mtu. Nyingi za majumbani ni za miliampea 30. Kwa viwango, ikifika 30 lazima ikate, na chini ya 15 isikate, kwa hiyo usishangae ikikata kwenye ishirini na kitu.

Sehemu rahisi unaweza kuifanya mwenyewe. Chomoa kila kitu kwenye soketi. Nasema chomoa, usizime tu, kwa sababu swichi ya soketi kwa kawaida inakata laivu peke yake na nyutro inabaki imeunganishwa. Pandisha swichi. Ikikaa, rudisha vifaa kimoja kimoja, ukianza na vyenye koili ya kuchemsha: jagi, pasi, hita ya maji, jiko la umeme. Koili iliyopasuka ikaingiza unyevu huvujisha umeme hadi kwenye bodi la chuma, na wakati mwingine husubiri ipate moto kwanza ndipo ikatishe. Shawa ya umeme haina plagi, hiyo izimie kwenye breka yake. Wengi huishia hapo, mhalifu ni jagi.

Ugumu unaanza pale umechomoa vyote, umeshusha breka zote ndogo, na swichi bado inashuka. Hapo ndipo watu huamua kwamba swichi ni mbovu. Mama mmoja wa Nkuhungu alikuwa ameshabadilishiwa na fundi mwingine, na mpya nayo ikawa inakata vilevile: mchana inakaa, jioni inashuka, na siku ya mvua ni mbaya zaidi. "Fundi, au ni umeme wa mtaani unakuja mkubwa?" aliniuliza. Hakuwa mbali na jibu.

Breka ndogo za kawaida zinakata laivu tu. Nyutro za sakiti zote zinabaki zimefungwa pamoja kwenye baa moja, kipande cha chuma cha kuunganishia waya, ndani ya boksi, breka ziwe juu au chini. Kwa hiyo nyutro ikichubuka mahali ikagusa chuma kinachoelekea ardhini, kosa linabaki palepale hata nyumba ikiwa giza. Na nyutro si sifuri kamili kama tunavyofundishwa. Jioni, mtaa mzima ukiwa unapika na kuangalia televisheni, umeme mwingi unarudi kwenye transfoma kwa nyutro, na waya huo unapanda volti mbili tatu juu ya ardhi.

Sasa piga hesabu. Volti 3 zikipita kwenye njia yenye ukinzani, yaani ugumu wa kupitisha umeme, wa omu 300, zinatoa miliampea 10. Swichi inakaa. Udongo wa Dodoma wakati wa kiangazi ni mkavu kiasi kwamba chuma kilichochimbiwa kinaweza kuwa na omu mamia. Mvua ikinyesha, tuseme zinashuka hadi 60: volti zilezile zinatoa miliampea 50, na swichi inakata. Waya haujaharibika zaidi ya ulivyokuwa Oktoba. Ardhi imelowa tu, na majirani wamewasha majiko.

Kuipata hakuhitaji kubahatisha. Nilizima meni swichi, nikahakikisha kwa tesa kwamba hakuna umeme, nikatoa nyutro zote kwenye baa na kuzipima moja moja dhidi ya ethi, waya unaokwenda ardhini, kwa mega ya volti 500, kipimo cha kuona kama waya unavujisha. Sakiti nzima husoma megaomu nyingi. Chini ya 1 haikubaliki. Moja ilisoma karibu na sifuri: ya taa za nje. Taa ya geti ilifungwa juu ya bomba la chuma lililochimbiwa, na waya ulipitishwa kwenye tundu lenye makali bila mpira wa kuulinda. Tulivuta waya mpya, tukaweka mpira, basi. Kazi hii ya kwenye boksi mwachie fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Nyutro iliyotolewa ovyo inaweza kukushika.

Yule mama aliwahi kushauriwa swichi irukwe, umeme upite moja kwa moja. Kwa Dodoma huo ni ushauri mbaya mno. Ethi rodi yako, chuma cha ethi kilichochimbiwa ardhini, ikiwa na omu 100, na hapa ni jambo la kawaida, laivu ikigusa bodi la friji itapitisha ampea 2.3 tu ardhini, yaani volti 230 gawa kwa 100. Breka ya ampea 20 itaona hiyo ni taa kadhaa zimewashwa. Friji litabaki na umeme mwilini, likimsubiri mtoto aje kuchukua maji akiwa peku. Swichi ya miliampea 30 ndiyo pekee itakayoliona.

Ukimpigia fundi, mweleze inakata saa ngapi, kama ni baada ya mvua, na kama inashuka hata breka zote zikiwa chini. Kama inakata kila unapowasha taa moja fulani, hasa ya ngazi au korido, na nyumba ina swichi za usalama mbili, mwambie pia. Huenda taa hiyo inapokea laivu kupitia swichi moja na kurudisha nyutro kupitia ya pili, na hapo mega haitaonyesha kosa lolote; itabidi afuate waya.