Kichupa cha dawa ya sindano kilikaguliwa na nani? Maswali na majibu

Ukanda wa ziwa, kuanzia Busia hadi Migori, malaria haijatuacha, na mtoto anayezidiwa huchomwa sindano ya artesunate. Wazazi wengi humwona muuguzi akiinua kichupa kwenye mwanga wa dirisha, wakajiuliza anatafuta nini. Na kwa kuwa habari za akili unde zimejaa kila mahali, swali la pili hufuata: si mashine za kiwandani zimeshamaliza kazi hiyo?

Muuguzi anatafuta nini hasa?

Artesunate huja ikiwa unga mweupe, pamoja na ampuli ndogo ya sodiamu baikaboneti. Muuguzi huchanganya viwili hivyo, hutikisa mpaka unga uyeyuke wote, kisha huongeza maji ya chumvi. Kabla ya kuongeza, mchanganyiko unapaswa kuwa mwangavu. Ukibaki na ukungu au chembe, unamwagwa, hata kama dawa ni chache wodini.

Huangalia pia kama glasi ina ufa, kizibo cha mpira kimekaa sawa, kifuniko cha alumini hakijalegea na tarehe haijapita. Ufa usioonekana kwa urahisi unatosha kuingiza vijidudu. Chembe ya glasi nayo, ikiingia mshipani, husafiri na damu hadi kukwama kwenye vimishipa vyembamba vya mapafu.

Kiwandani ukaguzi hufanywaje?

Dawa za sindano hukaguliwa kichupa kimoja kimoja. Kuchukua vichache vya mfano hakutoshi. Kwa njia ya mkono, mkaguzi hukishika kichupa chini ya taa kali, mbele ya ubao mweusi na kisha mweupe. Mwongozo wa Ulaya unataka kila rangi ipewe takriban sekunde 5. Ni kazi ya kuchosha macho, ndiyo maana wakaguzi hupumzishwa mara kwa mara. Isitoshe, chembe ya maikromita 50, ambayo ni nyembamba kuliko unywele wa kawaida, karibu haionekani kwa macho. Ikifika maikromita 200, wengi huiona.

Na mashine?

Hapa pana ujanja unaonifurahisha. Mashine hukizungusha kichupa kwa kasi, kisha hukisimamisha ghafla. Glasi imetulia, lakini dawa ndani bado inazunguka, na kamera hupiga picha kadhaa mfululizo. Kilichobaki palepale katika kila picha ni mkwaruzo au uchafu wa nje. Kinachosogea kimo ndani ya dawa. Vichupa mamia hupita hivyo kwa dakika moja.

Shida ni kwamba viputo vya hewa navyo husogea. Mashine za zamani zilipewa kanuni ngumu: doa likizidi ukubwa fulani au weusi fulani, kichupa kitupwe. Kwa hiyo dawa nzima kabisa ilikuwa ikitupwa kwa kosa la kiputo, na hasara hiyo mwishowe hulipwa na mnunuzi. Ukilegeza kanuni ili kuokoa viputo, kipande cha glasi nacho kinapenya. Ujifunzaji wa kina, yaani akili unde inayojifunza kwa kuona mifano mingi badala ya kupewa kanuni, umeingia kutatua utata huo.

Mashine hujifunza vipi?

Muuza omena wa Soko la Jubilee, Kisumu, hakupewa kanuni ya kutambua omena iliyoharibika; ameona magunia mengi mpaka jicho limezoea. Programu nayo huonyeshwa maelfu ya picha zilizoandikwa "kiputo", "glasi", "uzi" au "ufa", na hujirekebisha kila inapokosea.

Ila kiwanda kizuri hakina vichupa vibovu vingi vya kufundishia. Wataalamu hulazimika kutengeneza vibovu makusudi, au kuifundisha programu sura ya kichupa kizima tu ili ishtuke ikiona chochote kigeni. Hata hivyo haiaminiwi kwa maneno: hupimwa kwa vichupa ambavyo ubovu wake unajulikana, na matokeo hulinganishwa na ya wakaguzi wa kibinadamu. Aina ya glasi au taa ikibadilika, inapimwa upya.

Basi kikishapita kwenye mashine, ni salama?

Kimepita mtihani mmoja tu. Kamera huona umbo. Haijui kama dawa ndani ina nguvu inayotakiwa, wala haioni bakteria mmojammoja. Hayo ni ya maabara.

Halafu kuna safari. Artesunate ya sindano ya kwanza kuidhinishwa na WHO, mwaka 2010, ilitoka kiwanda cha Guilin, Uchina. Kutoka huko hadi zahanati ya Ahero kuna meli, malori, maghala na pikipiki, na hakuna kamera inayofuatana na kichupa njia yote. Ufa unaweza kupatikana bandarini. Joto la mchana la Kisumu, ambalo mara nyingi huvuka nyuzi 30, linaweza kuharibu insulini bila kuacha alama yoyote. Chanjo nyingi angalau zina kialama cha joto: mraba ndani ya duara. Mraba ukiwa na rangi sawa na duara au ukazidi kukolea, chanjo hiyo haitumiki.

Insulini yangu ina weupe kama maziwa. Imeharibika?

Inategemea aina. Ile ya muda wa kati, NPH, ndivyo ilivyo: unaiviringisha taratibu viganjani kabla ya kutumia. Ikibaki na mabonge, au ikigandamana kwenye glasi, iache. Insulini ya kawaida ya haraka inapaswa kuwa mwangavu. Ikiwa na ukungu, irudishe.

Naweza kupiga picha ya kichupa kwa simu, niiulize akili unde?

Usitegemee jibu lake. Mifumo ya kiwandani imefunzwa kwa taa na kamera maalumu. Picha ya simu chini ya balbu ya sebuleni ni kitu kingine kabisa.

Nikiona kitu ndani ya dawa nifanye nini?

Mwambie muuguzi asitishe kwanza. Una haki hiyo, na muuguzi mzuri hatakasirika. Kichupa kisitupwe. Kiwekwe kando na boksi lake, na namba ya bechi iandikwe. Muuguzi au mfamasia ataripoti kwa Bodi ya Famasia na Sumu, inayosimamia dawa nchini Kenya, na mwananchi pia anaruhusiwa kuripoti mwenyewe. Namba ya bechi ndiyo itakayowezesha vichupa vingine vya kundi hilo, viwe Siaya au Kakamega, kutafutwa na kuondolewa rafuni.