Kuchapishwa sio kuzaliwa: msiniletee tena hoja ya "hii ndo orijino"

Wiki hii tena kaja mtu na kitabu cha nyimbo za Scotland kakikumbatia kifuani, ananiambia dada hii ndo orijino kabisa, wale wa kwaya wanaoimba tofauti wanakosea, naomba uniandikie barua niwaonyeshe. Sikumwandikia. Kazi yangu huku Uingereza ni kuorodhesha nota za zamani na hili ndo jambo nalolisikia kuliko yote, watu wanafikia kununiana kwasababu yake, kwahiyo leo naliandika lote.

Eti kilichochapwa ndo wimbo wenyewe na mwaka wa kitabu ndo mwaka wimbo ulipozaliwa. Hapana jamani. Chukua kitabu cha dansi, The English Dancing Master cha John Playford, London, 1651. Ukiufungua ukurasa unaona vichwa vya nota vina pembe nne kama kashata, ile mistari mitano imekatikakatika, maana kila nota ilikuwa kipande chake cha madini ya risasi chenye mistari yake na fundi anavipanga kimoja kimoja. Juu kuna alama za wachezaji, wanaume mwezi mwandamo, wanawake duara la jua. Tuni ni mstari mmoja tu wa fidla, hakuna sauti ya pili wala besi. Na Playford alikuwa muuza vitabu, hakutunga yeye, alikusanya dansi ambazo watu walikuwa wanacheza tayari! Alafu kitabu kikachapwa tena na tena, matoleo 18 mpaka kwenye 1728 hivi, dansi zinaingia zingine zinatolewa. Sasa ukiniambia "kwa mujibu wa Playford" swali langu la kwanza ni toleo la ngapi.

Au Auld Lang Syne, hii ndo inayoniumiza zaidi. James Johnson wa Edinburgh alichapa nyimbo 600 kwenye juzuu sita kati ya 1787 na 1803, na mshairi Robert Burns ndo aliyemsaidia sana. Fungua juzuu ya tano, 1796, wimbo namba 413, upige hiyo tuni: mtu wa leo haitambui. Maneno unayajua, tuni sio hiyo unayoimba mwaka mpya. Hii ya leo iliungwa na yale maneno kwenye kitabu cha George Thomson 1799, Burns ameshafariki miaka mitatu nyuma. Na Burns mwenyewe alisema ameupata kwa mzee aliyekuwa anauimba, na ile tuni ya zamani alimwambia Thomson ni ya wastani tu. Mwanakwaya yeyote anajua beti zile zile zinaweza kukaa kwenye tuni mbili, sasa kwanini tukishika kitabu cha zamani tunasahau?

Hata waliokwenda vijijini na daftari walibadilisha. Cecil Sharp, mkusanyaji wa nyimbo za vijijini, 1903 kule Hambridge, Somerset, alimsikia mtunza bustani anaimba huku anakata majani, akaandika, na jioni ile ile keshauwekea piano na mwimbaji aliyesomea anauimba mbele ya watu. Baadaye kwenye vitabu maneno ya mapenzi ya wazi yakalainishwa. Kwahiyo ukitaka alichoimba yule mtunza bustani nenda kwenye daftari la Sharp, sio kitabu. Madaftari ya Sharp yamewekwa mtandaoni bure, tafuta Vaughan Williams Memorial Library. Nawaambia watu kila siku, hawaendi.

Eti wimbo wa Greensleeves ulitungwa na mfalme Henry VIII: alikufa 1547, wimbo unaonekana kwenye rejista ya wachapaji wa London 1580. Tuliache hapo.

"Kitabu hakina mwaka, basi ukurasa umechanika." Mara nyingi sio, wachapaji nota wa karne ya 18 waliacha mwaka makusudi ili bidhaa isionekane imepitwa. Soma anwani ya duka, walikuwa wanahamahama. Alafu inua karatasi kwenye mwanga wa dirisha, kuanzia 1794 karatasi nyingi za Uingereza zina mwaka ndani yake. Ila mabamba ya madini ya kuchapia nota yalitumika miaka na miaka, kwahiyo huo ni umri wa karatasi, sio wa wimbo.

"Nyimbo za zamani hazina hakimiliki." Tuni ndio, mpangilio, yaani sauti mtu alizouongezea wimbo, sio lazima. Mtunzi Vaughan Williams alifariki 1958, sauti alizoziandika yeye zinalindwa Uingereza mpaka mwisho wa 2028, kwahiyo kabla kwaya haijarekodi uliza nani kapanga.

Na glovu nyeupe msivae, zinakwanyua kingo za karatasi, nawa mikono uikaushe vizuri inatosha. Selotepu nawaomba sana isiguse nota hata ukurasa ukikatika vipande viwili, baada ya miaka plastiki inabanduka, gundi inabaki kahawia imezama kwenye karatasi na nota za chini yake hazisomeki vizuri tena. Weka vile vipande kwenye bahasha, uniletee hivyo hivyo.